Usiku wa Kuamkia Alhamisi

Kompyuta niliinunua Luthuli, imeshatumika,
kibodi yake haina herufi Q,
na redio ya ridhaa, mwenye kujua ajua,
nusu yake ni Q.
Nimeiwekea saa za dunia:
safu tano, tarakimu za kijani,
chini yake ramani, na kivuli cha usiku
kikitambaa juu ya nchi
kama maji yaliyomwagika kwenye simiti.

Safu ya kwanza ni saa isiyo na mwenyewe,
ile tunayoiandika daftarini
ili mtu wa Osaka na mtu wa Umoja
wasibishane nani alimwita nani.
Ya pili Nairobi. Ya tatu hiyo Osaka.
Ya nne Tromso, sikumbuki kwa nini;
labda nilitaka kuona mahali jua linapogoma.

Ya tano ni ya Mama.

Zamani akipita na beseni la nguo akiuliza saa,
nilijibu macho yakiwa kiooni:
"Kumi na tatu na robo."
"Kumi na tatu? Hiyo saa ya nani?"
Kwake saa moja ni chai,
saa sita kivuli kimejificha chini ya nyayo,
saa kumi na mbili washa taa.
Nikaitafuta saa hiyo kwenye programu.
Imo saa ya visiwa ambavyo raia wake ni ndege,
ya Mama haimo.
Nikapunguza sita, nikahesabu kwa vidole,
kidole kikatua Montevideo.
Dakika kwa dakika, saa yao ni yake,
ila moja yake ni ya asubuhi
na moja yao ni ya usiku mkuu.
Nikafuta jina la mji, nikaandika MAMA.

Desemba, Kerubo akapelekwa Pumwani.
Tukakaa, mimi na Mama na redio iliyozimwa.
Saa saba u nusu usiku simu ikalia:
msichana, kilo tatu na ushei.
Mama akapiga vigelegele, jirani akagonga ukuta.
Nani angelala?
Nikawasha redio. Ramanini,
ukingo wa kivuli ulikuwa ndio unaigusa Montevideo,
na ukingo huo hubeba sauti mbali.
Nikaita. Mluzi, mchanga, mluzi,
kisha mtu: Heber, mstaafu wa reli.
Nikamwambia dada yangu amejifungua.
"Hongera! Hapa Jumatano inatua, naiona dirishani."
"Mwulize saa ngapi kwao," Mama akaninong'oneza.
Saa mbili kasoro dakika kumi na tatu.
Mama akaitazama safu ya tano, akatikisa kichwa polepole.
"Kumbe tuna watu huko."

Cheti cha hospitali: Alhamisi, tarehe kumi na mbili.
Daftari langu: Jumatano, kumi na moja,
ishirini na mbili arobaini na saba.
Aprili ikaja kadi ya Heber kwa posta,
picha ya ufuo, mwandiko wa kulalia upande,
hongera ya tarehe kumi na moja,
imemtangulia mtoto kwa siku nzima.
Shemeji Onchari, karani, akaigeuza mara tatu.
"Hii haiwezi kusimama popote."
Mama akampokonya.
"Alizaliwa usiku wa kuamkia Alhamisi.
Ni nini kigumu hapo?"
Akaitia ndani ya kitabu cha chanjo.

Wiki hii programu ina toleo jipya.
Inasema safu ya tano haitambui,
inauliza kama irekebishe.
Nimebonyeza hapana.
Nikapanda paani kuona mbona mawimbi yamefifia:
antena imelegea katikati,
nepi kumi na nne, zimeanikwa kwa vibanio.